Kobalti Inavyodanganya Figo

Ndugu mfanyakazi, king'ora cha kiwanda kikilia, kila mmoja anajua la kufanya. Mwenye mashine anaizima, kapita anahesabu watu wake, wa zimamoto wanakimbia. Hakuna anayesimama kuuliza kama ni kweli kuna moto. Wamesikia, wanatenda. Je, unajua kwamba mwili wako nao una ving'ora vyake?

Mchana na usiku, hata ukiwa umelala, sehemu za mwili zinapelekeana habari. Moja inasema sukari imezidi. Nyingine inasema hapa kuna kidonda, leteni msaada. Nyingine inasema hewa haitoshi. Hazina mdomo wala simu. Habari zao ni vitu vidogo sana vya kemia vinavyotembea ndani ya damu, au vinavyotoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine. Na yule anayepokea habari hakai hivi hivi. Anafungua kitabu chake, anasoma ukurasa unaotakiwa, anatengeneza kitu kilichoandikwa pale.

Mwezi huu tutaeleza king'ora kimoja tu, kile cha hewa. Tumekichagua kwa sababu moja. Hapa kwetu Katanga tunachimba kobalti, na nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Madini hayo, yakiingia mwilini kwa wingi, yanaweza kukipiga king'ora hicho wakati hewa iko tele. Kwa hiyo usigeuze ukurasa ukisema haya ni mambo ya maprofesa.

KITABU NDANI YA CHEMBE

Mwili umejengwa kwa chembe hai. Siku hizi shuleni watoto wanaziita seli. Ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona bila mikroskopi. Karibu kila chembe ina kiini, na ndani ya kiini umekunjwa uzi mwembamba unaoitwa ADN. Ukiunyoosha uzi wa chembe moja peke yake, unapata karibu metre mbili. Juu ya uzi huo yameandikwa maagizo ya kutengeneza protini, vile vitu vinavyojenga mwili na kuutumikia. Kila agizo linaitwa jeni. Mtu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20 000.

Wengi wakisikia neno jeni wanafikiri urithi tu: pua ya baba, kimo cha mama. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Chembe ya figo, chembe ya ngozi na chembe ya jicho zina kitabu kile kile, ukurasa kwa ukurasa. Mbona basi figo si jicho? Kwa sababu hazisomi kurasa zile zile. Jeni isiyosomwa ni kama haipo.

Wenye kazi katika ofisi ya michoro wataelewa upesi. Mchoro wenyewe wa mashine hautoki ofisini. Fundi akihitaji kipande, wanamtolea kopi, na kopi ndiyo inayokwenda kwenye atelie, yenye mafuta na alama za vidole. Kazi ikiisha inatupwa. Chembe nayo inafanya hivyo. ADN haitoki katika kiini. Inatolewa kopi, jina lake ARN, nayo inakwenda nje ya kiini mahali ambapo protini inatengenezwa. Mchoro usioombwa na mtu unabaki katika sanduku miaka yote.

Nani basi anaomba kopi? Hapo ndipo habari na vitabu vinapokutana. Jeni husomwa kwa sababu ujumbe umefika.

MTU ALIYEPANDA MLIMA

Habari ya king'ora cha hewa ilianzia, kwa bahati njema, katika mji wa migodi. Mwaka 1889 muganga mmoja wa Ufaransa, François Viault, alipanda milima ya Peru hadi Morococha, mji wa wachimbaji ulio juu ya metre 4 000. Sisi wa Kolwezi tuko metre 1 400 na zaidi kidogo, kwa hiyo fikiria. Kule juu hewa ni nyepesi, kila pumzi ina oksijeni kidogo. Viault alichukua damu yake mwenyewe akahesabu chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Alipokuwa Lima, karibu na bahari, alikuwa na milioni 5 katika tone dogo la milimetre moja ya mchemraba. Baada ya wiki tatu hivi kule mlimani alikuwa na milioni 8. Akatangaza jambo hilo mwaka 1890.

Mwili ulikuwa umetambua kwamba hewa imepungua, ukaongeza wabebaji. Lakini nani alitambua, na nani alitoa amri?

Ilichukua miaka mingi kujua. Anayetambua ni figo. Figo hazichuji mkojo tu. Ndani yake kuna chembe zinazopima oksijeni inayowafikia, na ikipungua zinatoa ujumbe uitwao eritropoyetini, au kwa kifupi EPO. Ujumbe huu ni mdogo ajabu. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walipofaulu kuutenga safi, walitumia litre 2 550 za mkojo wa wagonjwa wa upungufu wa damu, wakapata miligramu chache tu. Mapipa kumi na mawili na zaidi ya mkojo kwa kitu ambacho usingekiona katika ncha ya kijiko!

EPO inasafiri katika damu hadi ndani ya mifupa, kwenye uboho, ambako chembe za damu zinazaliwa. Pale kuna chembe changa zinazongoja. Nje ya kila moja kuna kipokezi, ambacho ni kama kufuli. EPO ndiyo ufunguo wake. Haingii ndani. Inagusa kufuli kwa nje, na upande wa ndani protini iitwayo JAK2 inaamka, nayo inamwamsha jirani yake STAT5, naye anakwenda mpaka kwenye kiini na kufungua kurasa. Kurasa hizo zinasema, kwa kifupi: usife, endelea kukua, kuwa chembe nyekundu. Maana chembe changa nyingi za uboho hufa zisipopata ujumbe huo. Wakati wa kawaida uboho wako unatoa zaidi ya chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde. EPO ikizidi, zinatoka nyingi zaidi.

Tena ajabu moja, ingawa ni nje ya habari yetu: chembe nyekundu ikikomaa inatupa kiini chake, kitabu na vyote, ili iwe na nafasi ya kubeba. Inaishi siku 120 hivi, halafu inavunjwa.

Wagonjwa ambao figo zao zimekufa wanakosa EPO, ndiyo sababu wanapungukiwa na damu hata wakila sombe na nyama kila siku. Kwao EPO imekuwa dawa ya sindano tangu miaka ya mwisho ya 1980.

MLINZI MWENYE MUHURI

Sasa tuingie ndani ya chembe ya figo. Inajuaje kwamba oksijeni imepungua? Watu watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kujibu swali hili: Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani, na Peter Ratcliffe wa Uingereza. Jibu lao ni zuri, nami nitalisimulia kwa mfano wa mlango wa kampuni.

Ndani ya chembe kuna mjumbe aitwaye HIF. Chembe inamtengeneza saa zote, hata hewa ikiwa nyingi. Kazi yake ni kuingia katika kiini na kuomba kopi za jeni zinazohusu ukosefu wa hewa. Lakini siku za kawaida hafiki. Njiani yuko mlinzi, ambaye kweli ni enzima, yaani protini ya kutenda kazi. Mlinzi ana muhuri. Wino wa muhuri huo ni oksijeni yenyewe, na mkono unaoushika ni kipande kidogo sana cha chuma. Mjumbe akipigwa muhuri, wengine wanamkamata na kumpeleka mahali pa kusagia. Kwa dakika chache amekwisha. Anakuja mwingine, naye anapigwa muhuri, anasagwa. Hivyo mchana kutwa.

Hewa ikipungua, wino unakauka. Mlinzi anabonyeza, hakuna alama. Mjumbe anapita. Anafika katika kiini, anakutana na mwenzake aliyekuwa akimngoja pale, wawili wanashika uzi wa ADN karibu na jeni ya EPO, na ukurasa unaanza kusomwa. Si huo peke yake. Kurasa nyingine zinahusu kuotesha mishipa mipya ya damu, na nyingine kutumia sukari kwa njia isiyohitaji oksijeni nyingi.

Utauliza, mbona chembe inapoteza nguvu kutengeneza mjumbe wa kusagwa? Mimi pia niliona ni hasara nilipojifunza. Lakini fikiria watu wa zimamoto: wanalipwa hata mwezi usio na moto. Ukingoja moto uwake ndipo utafute watu wa kuajiri, nyumba imekwisha.

Na king'ora hiki kinajizima chenyewe. Chembe nyekundu zikiongezeka, oksijeni inafika tena kwenye figo, wino unarudi, wajumbe wanasagwa, EPO inapungua. Angalia vizuri jambo hili: figo haihesabu chembe za damu. Inapima oksijeni tu, na hata oksijeni yenyewe haiioni, inaona kama muhuri umepigwa au haukupigwa.

KOBALTI INAPOSHIKA MKONO

Tumesema mkono wa mlinzi ni chuma. Kobalti na chuma ni majirani wa karibu katika jedwali la kemia, wanafanana sana. Kobalti ikifika ndani ya chembe kwa wingi inauzuia mkono huo; njia mojawapo ni kukaa mahali pa chuma. Wino upo, oksijeni ipo, lakini mkono hausogei. Mjumbe anapita bila muhuri, na kiini kinapokea habari kwamba hewa imekwisha. Ni habari ya uongo, lakini chembe haina njia ya kuchunguza. Inasoma ukurasa. EPO inatoka. Uboho unatii.

Sasa ona ubaya wake. Kwa mtu wa mlimani king'ora kinazima damu ikitosha. Kwa mwenye kobalti nyingi mwilini hakizimi, kwa kuwa tatizo halikuwa hewa. Damu inaongezeka na figo bado inalia.

Wataalamu wa maabara wanaitumia hila hii makusudi. Wakitaka kuona chembe inafanya nini hewa ikikosekana, mara nyingi wanaimwagia chumvi ya kobalti kidogo, basi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kobalti inaamsha jeni ya EPO katika chembe za ini zilizokuzwa katika vyombo. Hilo lilikuwa fununu kwamba kifaa cha kupimia hewa kina madini ndani yake.

Waganga wa zamani nao waliitumia bila kujua sababu. Katika miaka ya 1950 chumvi za kobalti zilitolewa kama dawa ya upungufu wa damu, hata kwa watoto na wajawazito. Damu iliongezeka kweli. Lakini wagonjwa walitapika, wengine walivimba shingo kwa sababu tezi ya koo ilizuiwa, wengine masikio yaliharibika. Dawa hiyo ikaachwa.

Habari mbaya zaidi ni ya bia. Katikati ya miaka ya 1960 viwanda fulani vya bia viliongeza kobalti kidogo ili povu likae juu ya glasi. Katika mji wa Québec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, wanywaji wakubwa wa bia hiyo walianza kuja hospitalini na moyo uliovimba na pumzi fupi. Walikuwa 48, wakafa 20. Wengine waliugua hivyo Marekani, na wengine Ubelgiji, katika mji wa Leuven. Wengi wao walikunywa litre nyingi kila siku na kula kidogo, na mwili usio na protini ya kutosha unadhurika upesi zaidi. Moyo uliumizwa kwa njia nyingine, si kwa EPO peke yake, lakini baadhi yao walikuwa pia na chembe nyekundu kupita kiasi. Kobalti ikaondolewa katika bia.

Ninayasimulia haya kwa sababu bado nasikia watu wakisema kwa kujivuna, "Mimi damu yangu ni nzito, nina nguvu." Ndugu, damu nzito si nguvu. Maji yenye matope mengi hayapiti vizuri katika bomba; pampu inachoka. Vivyo hivyo moyo. Mtu anaumwa kichwa, masikio yanavuma, macho na uso vinakuwa vyekundu, anasikia kizunguzungu. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, na ikiganda ndani ya mshipa wa kichwa, upande mmoja wa mwili unapooza. Wanamichezo wengine huko nje walitafuta EPO na kobalti ili wakimbie bila kuchoka. Vyote viwili vimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa katika michezo. Kijana anayecheza mpira katika timu ya kambi asidanganywe na mwenye kumuuzia unga.

Lakini tusizidishe. Usiseme kila anayefanya kazi ya kobalti ana damu nzito. Hapana. Wale walioonekana hivyo, wengi waliimeza kwa miligramu kila siku. Mfanyakazi anaivuta kama vumbi, na kwanza kabisa linaloumia ni pafu: pumu ya kazini, kikohozi kisichoisha, kifua kinachobana siku za kazi na kulegea siku za kupumzika. Ukiona kifua kinafuata kalenda ya zamu namna hiyo, usinunue sirupu sokoni, njoo dispansera. Na damu nzito ina sababu nyingine, sigara ikiwa mojawapo. Moshi wa sigara una gesi ya monoksidi ya kaboni, inayokalia nafasi ya oksijeni katika chembe nyekundu. Figo inaona upungufu, na safari hii haidanganywi.

HEWA MBAYA HAINGOJI JENI

Hapa nataka ukae kidogo, maana kuna wazo la hatari. Wachimbaji wengine wanasema mtu huzoea shimo, kwamba mwili wake unajifunza kuishi na hewa kidogo. Umekwisha kusoma jinsi mwili unavyojifunza. Sasa hesabu saa zake. Mjumbe HIF anaanza kupita kwa dakika chache. EPO inapanda katika damu kwa muda wa saa. Lakini chembe nyekundu mpya zinahitaji siku kadhaa kutoka katika uboho, na Viault alihitaji wiki tatu kufika milioni 8.

Mota ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya shimo lisilopitisha hewa, monoksidi ya kaboni inaweza kuua mtu kabla saa haijaisha. Haina harufu, haina rangi. Mtu anasikia kichwa, miguu inalegea, analala. Kabla figo haijamaliza kutuma ujumbe wake wa kwanza, amekufa. Vivyo hivyo kwa mbabula ya makala inayoachwa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Hakuna mazoea hapo. Mota ikae nje. Mbabula itoke kabla ya kulala. Na mwenzako akianguka shimoni usiruke kumfuata bila kifaa cha kupumulia, maana mara nyingi anayefuata ndiye maiti ya pili.

MILANGO YA KOBALTI

Kwa kuwa chembe haiwezi kutofautisha ujumbe wa kweli na wa uongo, kazi yetu ni kuzuia kobalti isifike kwake. Mlango wa kwanza ni pua. Maski ya kitambaa iliyolegea haisaidii kitu kwa vumbi laini la kusaga. Inatakiwa maski ya chujio inayobana uso, na ndevu nyingi zinaiharibia kazi. Kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kulipasua ni bora kuliko maski yoyote, kwani vumbi lisiloruka halivutwi.

Mlango wa pili ni mdomo, na huu watu wanausahau. Bukari tunalila kwa mkono. Mkono uliotoka kwenye chokaa ya kobalti au kwenye maji ya asidi ya kiwanda ukifinyanga tonge, unameza sehemu ya kazi yako. Kupangusa juu ya suruali si kunawa. Sabuni na maji, kucha pia. Sigara iliyoshikwa na mkono huo ni milango miwili kwa pamoja.

Mlango wa tatu ni nyumba yako. Nguo za kazi zikikung'utwa uani, watoto wanalipata vumbi wakicheza chini. Haya si maneno ya kutisha watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakatangaza mwaka 2009 kwamba kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mbali. Halafu walikwenda Kasulo, kata ya Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba katikati ya nyumba, ndani ya viwanja vyao. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko watu wazima, na waliona pia alama za kuharibika kwa ADN kwa watoto hao. Mama, nguo za bwana zifuliwe peke yake, zilowekwe kwanza, wala zisikung'utwe zikiwa kavu. Ikiwa kampuni ina mahali pa kufulia na bafu la kuogea, zibaki huko huko. Na wewe bwana, oga kabla ya kumbeba mtoto.

MASWALI MNAYOULIZA

"Basi kobalti inabadilisha jeni zangu?" Tofautisha mambo mawili. Habari ya EPO ni ya kusoma: kitabu hakijaguswa, ukurasa umefunguliwa tu wakati usiofaa, na unaweza kufungwa tena. Kuchanika kwa karatasi yenyewe, kama zile alama za Kasulo, ni jambo lingine, na si rahisi kulitengeneza. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliweka madini ya kobalti na chumvi zake zinazoyeyuka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa binadamu, ngazi moja chini ya vile vilivyothibitishwa.

"Lakini nimeambiwa kobalti ni vitamini." Kweli, katikati ya vitamini B12 kuna kobalti. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2 na nusu hivi za vitamini hiyo kwa siku, na kobalti iliyomo ni sehemu ndogo sana yake. Inatoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Vumbi la mgodi halina vitamini.

"Maziwa yanasafisha vumbi?" Maziwa ni chakula kizuri, yanyweni. Lakini yanakwenda tumboni, na vumbi liko kifuani. Kikombe cha maziwa hakichukui nafasi ya maski.

"Nitajuaje kama ninayo nyingi?" Kwa mkojo, unaochukuliwa mwisho wa zamu, mwisho wa juma la kazi, kwani kobalti inayoyeyuka hutoka zaidi kwa njia ya mkojo na sehemu kubwa hutoka upesi. Ukija Jumatatu asubuhi baada ya mapumziko, kipimo kitakuonyesha mtu mwingine. Nawa mikono vizuri na ubadili nguo kabla ya kujaza chupa, la sivyo tutapima vumbi la kidole chako. Damu tutapima pia, kuona chembe nyekundu ni asilimia ngapi ya damu yote. Kwa mwanaume kawaida ni kati ya 40 na 50.

"Na ikikutwa nimezidi, damu itarudi?" Katika wale waliopewa kobalti kama dawa, chembe nyekundu zilipungua baada ya kuiacha. Ndivyo tunavyotegemea pia kwa mfanyakazi anayehamishwa mbali na vumbi: mkono wa mlinzi unafunguliwa, muhuri unafanya kazi, EPO inashuka. Lakini chembe zilizokwisha kuzaliwa hazirudishwi. Zinangoja siku zao 120. Ndiyo sababu muganga akikuambia urudi kupimwa baada ya mwezi mmoja, tena baada ya miezi minne, usifikiri amesahau kwamba alikupima. Leta karatasi ya mara ya kwanza, hata kama imechakaa.